Shavu Namba 212

Kabla ya hospitali
Anargiros alikuwa mtu wa nadhiri.
Alisubu miguu ya nta, macho ya nta, matiti ya nta.
Mama aliyeomba mwanawe atembee alinunua goti,
akalitundika mbele ya picha ya mtakatifu,
akaenda zake.
Ukuta ulipojaa, padri aliyashusha yale magoti,
akayayeyusha, yakawa mishumaa.
Hakikupotea kitu. Nta ni nta.

Kisha profesa akamwita Athens,
akamtembeza wodini:
huku upele, kule ukurutu, huku kaswende
iliyochanua kifuani mwa mpishi wa meli
kama waridi lisilo na haya.
"Wanafunzi wangu wanasoma vitabu visivyo na rangi," akasema.
"Nijazie ukuta.
Ila huu wangu usiombe kitu."

Maana zamani zile
(haya nimeyaokota kwa madaktari,
wakibishana huku mimi napiga deki)
elimu ya ngozi ilikuwa elimu ya macho.
Hawakujua kitu kinatoka wapi,
walijua kinafanana na nini:
hiki duara, hiki magamba, hiki punje ya dengu,
hiki ramani ya nchi isiyo na mfalme.
Wakayapa majina ya Kilatini,
jina kwanza, dawa baadaye,
na hiyo baadaye wengi hawakuifikia.

Mwaka wa ishirini na moja akaletwa Manusos wa Krete,
miaka tisa, shavu la kushoto limeliwa.
Kwao walikiita kidonda cha mwaka:
huja na mdudu wa usiku asiye hata na mlio,
hukaa miezi kumi na miwili kama mpangaji,
hutoka bila kuaga,
huacha shimo.

Anargiros akampaka mafuta, akakoroga plasta.
"Usicheke," akamwambia. "Ukicheka
nitachonga magonjwa mawili."
Mtoto akauma meno.
Plasta ikapata moto, kisha ikapoa,
ikabanduka na umbo lake.

Siku nne fundi alipaka tabaka juu ya tabaka:
wekundu chini, umanjano juu yake,
kigaga akakitengeneza kwa utomvu wa msonobari,
na malaika ya shavuni
akayapandikiza moja moja, kwa sindano.
Malaika wa pekee waliopata kuingia jengo lile,
nasema mimi ninayeyapangusa vumbi.

Mwaka wa sabini na tisa, Julai,
nta ilikuwa inatoka jasho, nimefungua madirisha yote,
nipo juu ya ngazi na brashi yangu
akaingia mzee ameshika kofia.
Akauliza namba. Nikamwonyesha kwa mpini.

Alisimama pale muda wa kuchemsha mayai.
Kisha akainama, akaweka shavu lake kwenye kioo,
kushoto kwa kushoto,
na nikaliona lile shimo, dogo,
la kuingia ncha ya kidole.
"Mimi nilipona kabla ya mavuno ya zeituni," akasema.
"Huyu mbona hajapona?"

Sikuwa na jibu. Mshahara wangu ni wa vumbi.
Nilitaka kumwambia:
ameugua miaka hamsini na minane kwa niaba yako,
wamemtazama vijana elfu,
na yupo mtoto mahali fulani
ambaye daktari alimtupia jicho mara moja tu, akajua.
Nikasema, "Kibao kinaandika Krete. Ni kweli?"
"Kweli," akasema. Akacheka,
cheko refu, la mtu aliyekatazwa zamani,
na kovu likacheka naye.

Akatoa mshumaa mfukoni,
akauliza kama anaweza kuuwasha.
Nikamwambia, hapa moto marufuku.
Akautazama ukuta mzima, mikono, visogo, midomo,
akauweka haujawashwa
chini ya namba 213,
mwanamke mwenye paji la uso la simba,
ambaye toka nianze kazi
hajapata kuuliziwa na mtu.